Jimbo la Smethwick: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Smethwick, mji wa Uingereza, ilipeleka wabunge London kuanzia 1918 hadi 1974, kisha jimbo likafutwa. Wengi wanaolitaja siku hizi hutaja uchaguzi mmoja, wa 1964, na kaulimbiu moja ya chuki. Mimi limenivuta kwa sababu nyingine: kila nikifukua habari zake naikuta Afrika imo ndani. Imo Bechuanaland, imo Kenya, kimo hata kijiji kimoja cha milimani Tanganyika. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu yake kwa kadiri ninavyoyajua.

Smethwick iko wapi, na jina linatamkwaje?

Ni mji wa viwanda uliogusana na Birmingham upande wa magharibi, kiasi kwamba mgeni hatambui Birmingham imeishia wapi. Zamani ulihesabiwa katika mkoa wa Staffordshire. Leo uko chini ya halmashauri ya Sandwell. Hutamkwa "Smedhik". Ile w haisikiki kabisa.

Watu wake waliishi kwa kazi gani?

Chuma na vioo. Mwaka 1796 James Watt na Matthew Boulton walifungua hapo karakana ya Soho Foundry kwa ajili ya kutengeneza injini za mvuke. Kampuni ya Chance Brothers ilitoa vioo vya jengo kubwa la maonyesho lililosimamishwa London mwaka 1851, na baadaye lenzi za minara ya kuongozea meli zilizouzwa duniani kote. Palikuwa pia na viwanda vya parafujo, mabehewa ya reli, bia, na vya kusubu chuma.

Ukitaka kulielewa jimbo hili, vikumbuke hivi vya mwisho. Kusubu chuma ni kazi ya joto, moshi na vumbi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wenyeji wengi waliikimbia wakipata nyingine, na pengo lao likajazwa na watu kutoka mbali.

Jimbo lilianzaje?

Lilizaliwa na sheria ya uchaguzi ya 1918. Sheria hiyo iliwapa kura karibu wanaume wote waliotimiza miaka 21, na kwa mara ya kwanza ikawapa wanawake, ingawa wa kuanzia miaka 30 na kwa masharti ya mali. Wapigakura wa Uingereza waliongezeka kutoka kama milioni 8 hadi zaidi ya milioni 21. Majimbo yakakatwa upya, na Smethwick, iliyokuwa sehemu ya jimbo la Handsworth, ikapata mbunge wake.

Ni kweli mwanamke aligombea katika uchaguzi wa kwanza kabisa?

Kweli, na nusura ashinde. Alikuwa Christabel Pankhurst, binti wa Emmeline Pankhurst. Mama na mwana ndio walioongoza vuguvugu la wanawake waliovunja madirisha, wakafungwa, wakagoma kula gerezani wakidai haki ya kupiga kura. Sheria ya kuwaruhusu wanawake kuingia Bungeni ilipitishwa Novemba 1918, na kura zikapigwa Desemba 14. Muda wa kampeni ulikuwa majuma machache tu.

Christabel alisimama kwa tiketi ya Chama cha Wanawake akiwa na baraka za serikali ya mseto ya Waziri Mkuu Lloyd George. Mpinzani wake alikuwa John Davison wa Labour, yaani Chama cha Wafanyakazi, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Davison alipata kura 9,389, Christabel 8,614. Kura 775 zilimnyima kuwa mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza. Kati ya wanawake 17 waliogombea nchi nzima alishinda mmoja tu, Constance Markievicz wa Dublin, na yeye, kama wenzake wa Sinn Féin, chama kilichodai uhuru wa Ireland, alikataa kwenda kukaa London.

Wanaomfahamu Christabel wa kabla ya vita hushangaa wakisoma kampeni yake. Wakati huo alikuwa amegeuka mzalendo mkali, akiwahofia Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, na akivishambulia vyama vya wafanyakazi katika mji wa wafanyakazi. Dada yake Sylvia alikwenda njia nyingine kabisa: aliipinga vita, akaipigania Ethiopia ilipovamiwa na Italia, akahamia Addis Ababa na kuzikwa huko mwaka 1960. Christabel alifariki Marekani mwaka 1958.

Oswald Mosley yule wa mafashisti aliwahi kuwa mbunge wa Labour?

Aliwahi, na kiti chake kilikuwa Smethwick. Davison alijiuzulu kwa sababu ya afya, ukaitishwa uchaguzi mdogo Desemba 1926. Mosley alikuwa tajiri wa ukoo wa kimwinyi, ameoa binti wa Lord Curzon, na alikuwa ameanzia siasa kwa Conservative, chama cha wahafidhina, kabla ya kuhamia Labour. Magazeti yalimsimanga sana: mwenye mali kiasi hicho anawezaje kuwasemea mafundi chuma? Mafundi chuma hawakujali. Walimpa ushindi wa kura 6,582.

Mwaka 1929 Labour iliposhika serikali, Mosley alipewa kazi ya kushughulikia ukosefu wa ajira. Mapendekezo yake yakakataliwa, akajiuzulu Mei 1930, mwaka uliofuata akaunda chama kipya, na 1932 akaanzisha chama cha kifashisti chenye mashati meusi. Alikuwa ameshaiacha Smethwick. Mwaka 1931 aligombea Stoke akashindwa. Lakini kuna jambo ambalo watu hulisahau. Mwaka 1959, baada ya ghasia za wazungu dhidi ya weusi mtaani Notting Hill, Mosley alirudi kugombea London Kaskazini mwa Kensington akitaka wahamiaji weusi warudishwe makwao, na alipata kura chache mno. Miaka mitano baadaye, jimbo alilolikimbia lilimchagua mtu mwingine kwa hoja ya wahamiaji. Sisemi kwamba Mosley alipanda mbegu hapo. Nasema tu kwamba wapigakura waliozipata habari hizi mbili kwa mfululizo walikuwa na sababu ya kushtuka.

Nani alikuwa mbunge kwa siku moja?

Alfred Dobbs wa Labour. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa Julai 26, 1945. Kesho yake akafa katika ajali ya gari. Kiti alikuwa amekitwaa kutoka kwa Roy Wise wa Conservative, aliyekikalia tangu 1931.

Patrick Gordon Walker alikuwa nani?

Hapa sharti nikae kidogo, kwa sababu historia nyingi za Smethwick humwonyesha kama mtu mwema aliyeonewa, na sisi Waafrika tuna la kuongeza.

Alikuwa msomi wa historia kutoka Oxford. Wakati wa vita alitangaza redioni kwa Kijerumani, na Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, ilipokombolewa alikuwa miongoni mwa waliofika kambini na kuripoti waliyoyaona. Alishinda uchaguzi mdogo wa Oktoba 1945 uliofuata kifo cha Dobbs, akapanda ngazi, na Februari 1950 akawa Waziri wa Mahusiano ya Jumuiya ya Madola.

Mezani alikuta faili la Seretse Khama. Seretse alikuwa mrithi wa kiti cha Wabangwato huko Bechuanaland, yaani Botswana ya leo. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi London, alimwoa Ruth Williams, karani Mwingereza mzungu. Watu wake mwanzoni walinung'unika, kisha wakamkubali mbele ya mkutano mkubwa wa kgotla, baraza lao la wazi. Ambao hawakukubali walikuwa watawala wa Afrika Kusini, waliokuwa ndiyo kwanza wanajenga utawala wa ubaguzi wa rangi na hawakuvumilia chifu mweusi mwenye mke mzungu mpakani mwao. Uingereza ilihitaji dhahabu na urani kutoka Afrika Kusini. Serikali ya Labour ikamwita Seretse London kwa mazungumzo, na alipofika akaelezwa kwamba harudi nyumbani kwa miaka mitano. Waziri aliyelitangaza jambo hilo Bungeni na kulitetea alikuwa Gordon Walker, mbunge wa Smethwick.

Conservative walipoingia madarakani waliifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Seretse aliruhusiwa kurudi mwaka 1956 tu, baada ya kuuacha uchifu. Mwaka 1966 akawa Rais wa kwanza wa Botswana, na miaka ya baadaye alikaa meza moja na Nyerere na Kaunda katika kundi la nchi za mstari wa mbele.

Kwa hiyo mimi nikisoma jinsi Gordon Walker alivyozomewa mwaka 1964 kwa kuitwa rafiki wa weusi, roho inaniuma mara mbili. Inaniuma kwa ajili yake, maana lile lilikuwa tusi na uonevu. Na inaniuma kwa ajili ya Ruth na Seretse, ambao ndoa yao ilifanywa kosa na serikali aliyoitumikia.

Wahamiaji walifikaje Smethwick?

Wengi walitoka Punjab, na wengi wao ni Masingasinga. Mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 uliichana Punjab katikati. Ardhi na makazi yalipotea. Sheria ya uraia ya 1948 iliwaruhusu watu wa makoloni na Jumuiya ya Madola kuingia Uingereza bila kizuizi, na viwanda vya kusubu chuma vilikuwa vinatafuta mikono. Kijana mmoja akipata kazi, anamwita ndugu yake. Ndugu anamwita wa kijijini. Wapo pia waliotoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibi. Mwaka 1961 Masingasinga walifungua hekalu lao, Guru Nanak Gurdwara, katika barabara kuu ya mji.

Nyumba ndizo zilizokuwa shida. Zilikuwa chache kwa wote, orodha ya kusubiri nyumba za halmashauri ilikuwa ndefu, na wenye nyumba waligoma kuwapangisha watu wasio wazungu. Wageni wakawa wanachanga fedha, wananunua nyumba moja kuukuu na kujaa humo wengi. Jirani akiona hivyo husema wageni wanapenda kubanana. Hasemi ni nani aliyewafungia milango mingine.

Katika baa kadhaa mtu mweusi au Mhindi hakuruhusiwa kukaa chumba cha mbele. Alielekezwa upande wa pili. Katika mji jirani wa West Bromwich, mwaka 1955, wafanyakazi wa mabasi waligoma kwa sababu Mhindi mmoja ameajiriwa kuwa kondakta.

Nini hasa kilitokea 1964?

Mgombea wa Conservative alikuwa Peter Griffiths, mwalimu mkuu wa shule ya msingi na diwani wa siku nyingi. Alikwisha kugundua kwamba habari ya wahamiaji inawagusa watu kuliko kitu kingine chochote, na kampeni yake yote aliijenga juu yake: nyumba, shule, magonjwa, msongamano. Gordon Walker, kwa upande wake, alikuwa kigogo wa London, waziri kivuli wa mambo ya nje. Wakati wa mjadala wa sheria ya kwanza ya kuzuia wahamiaji, iliyopita 1962, yeye ndiye aliyeongoza upinzani wa Labour Bungeni. Mitaani jambo hilo lilihesabiwa kuwa dhambi yake kubwa.

Ndipo ikaenea kaulimbiu ambayo hadi leo haijasahaulika. Kwa Kiswahili maana yake ni hii: ukitaka jirani mweusi, ipigie kura Labour. Ila neno lililotumika halikuwa "mweusi", lilikuwa tusi lile la zama za utumwa, na sina haja ya kuliandika. Kaulimbiu ilibandikwa, ikachorwa ukutani, ikaimbwa na watoto barabarani.

Kura zilipigwa Oktoba 15. Griffiths alipata 16,690, Gordon Walker 14,916. Tofauti ilikuwa kura 1,774. Uzito wa tarakimu hizi unaonekana ukizilinganisha na kwingineko: nchi nzima kura zilielekea Labour kwa asilimia kama tatu, na Harold Wilson, kiongozi wa chama hicho, akawa Waziri Mkuu baada ya miaka 13 ya upinzani. Smethwick ilikwenda kinyume kwa asilimia 7.2. Gordon Walker akitoka ukumbini usiku ule alizomewa kwa tusi lile lile.

Je, ni Griffiths aliyetunga kaulimbiu ile?

Haikutoka katika karatasi zake rasmi, na alikana kuwa yake. Lakini alipoulizwa na gazeti la The Times kama anailaani, alikataa kumlaani anayeisema. Aliiona kuwa ni watu wanatoa hisia zao. Kwangu mimi hilo linatosha. Mgombea anayekataa kuzima moto uliowashwa kwa faida yake hana haja ya kuwa ameushika kiberiti mwenyewe.

Basi watu wa Smethwick wote walikuwa wabaguzi?

Hapana. Tazama hesabu tena: karibu watu 15,000 waliipigia Labour wakijua vizuri watachekwa na jirani. Na miongoni mwa wale 16,690 wamo waliokuwa Conservative tangu babu zao. Pia kura za Gordon Walker zilikuwa zinapungua kabla ya hapo. Mwaka 1959 tofauti yake ilishashuka hadi 3,544. Alionekana mgeni wa jimbo, mtu wa London anayekuja siku za shughuli. Ubaguzi ulimwangusha mbunge ambaye tayari alikuwa amesimama mguu mmoja.

Wahamiaji wenyewe walikuwa na haki ya kupiga kura?

Ndiyo, na swali hili linakuhusu wewe msomaji unayeishi Uingereza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaokaa Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura za ubunge, hata kama hawana pasipoti ya Uingereza. Ilikuwa hivyo 1964 na ni hivyo leo. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo, kwa kuwa nchi zao ni wanachama (Rwanda ilijiunga 2009). Mrundi na Mkongo hawamo. Nimekutana na Watanzania waliokaa huko miaka mingi bila kulijua jambo hili.

Smethwick wengi wa wahamiaji wa 1964 walikuwa bado hawajaandikishwa. Walioandikishwa walikuwa wachache kuliko kelele zilizopigwa juu yao.

Gordon Walker aliishia wapi?

Wilson alimteua Waziri wa Mambo ya Nje hivyo hivyo, bila kiti Bungeni. Ili kumtafutia kiti, mbunge mzee wa Leyton, mashariki mwa London, Reginald Sorensen, aliondolewa na kupelekwa Bunge la Malodi. Leyton ilikuwa ngome ya Labour. Uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 21, 1965, na Gordon Walker akashindwa tena, mara hii kwa kura 205. Akajiuzulu uwaziri. Serikali iliyokuwa na wingi mwembamba wa viti vinne ikazidi kudhoofika. Uchaguzi wa 1966 alirudi na kuichukua Leyton, lakini hakupata tena wadhifa wa ukubwa ule.

Griffiths naye alipokelewa vibaya Bungeni. Wilson alisimama siku ya kwanza ya mjadala akasema mtu huyu atakaa humu kama mkoma wa Bunge hadi uchaguzi ujao. Wabunge wa Conservative wakawaka. Mimi neno lile silipendi pia, kwa kuwa wenye ukoma hawakumkosea Wilson lolote.

Malcolm X alifuata nini Smethwick?

Halmashauri ya mji ilikuwa na mpango wa kununua nyumba zilizotangazwa kuuzwa katika mtaa wa Marshall Street na kuwapangisha wazungu tu, ili mtaa "usigeuke". Wakazi wazungu wa mtaa ndio walioomba. Waziri wa nyumba, Richard Crossman, aliukwamisha kwa kuinyima halmashauri ruhusa ya mkopo.

Katikati ya sakata hilo Chama cha Wafanyakazi Wahindi kilimwalika Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani. Mwenyeji wake alikuwa Avtar Singh Jouhl, mfanyakazi wa kiwanda cha kusubu chuma aliyeongoza kampeni dhidi ya baa zilizobagua. Siku chache kabla, Februari 9, 1965, Ufaransa ilikuwa imemrudisha Malcolm uwanja wa ndege. Februari 12 akatembea Marshall Street, wapigapicha wakimfuata, baadhi ya wakazi wakimpigia kelele. Jouhl akampeleka baa, na huko wakakataliwa kuhudumiwa katika chumba cha wazungu. Malcolm alisema amekuja kwa sababu amesikia watu wa rangi wanatendewa Smethwick kama wanavyotendewa weusi wa Alabama.

Siku tisa baadaye, Februari 21, aliuawa New York.

Sisi wa huku tumkumbuke kwa jambo jingine. Oktoba 1964, mwezi ule ule Smethwick inapiga kura, Malcolm alikuwa Dar es Salaam. Alionana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu, kisha akaenda Nairobi. Aliyefika Marshall Street alikuwa ametoka kuona Waafrika wakijitawala, na nadhani ndiyo sababu mtaa mmoja wenye nyumba za matofali uliweza kumgusa kiasi kile.

Na huyo aliyemwondoa Griffiths?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Aliitwa Andrew Faulds, na alizaliwa Tanganyika.

Ilikuwa Machi 1, 1923, huko Isoko, katika milima ambayo leo ni wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Wazazi wake walikuwa wamisionari. Alikua akawa mwigizaji mwenye sauti nzito na ndevu zilizomjaa uso. Waingereza wa miaka ya hamsini walimfahamu kama Kapteni Jet Morgan katika mchezo wa redio wa BBC kuhusu safari za anga. Alikuwa rafiki wa Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyekuwa Stratford mwaka 1959 akicheza Othello, na Robeson ndiye aliyemsukuma aingie siasa.

Faulds hakuizunguka habari ya rangi. Alikwenda Smethwick kuikabili. Machi 31, 1966 alimshinda Griffiths kwa kura 3,490. Miezi 17 na nusu, basi: ndiyo muda ambao jimbo lilimvumilia Griffiths. Alirudi Bungeni 1979 kupitia Portsmouth, mbali na Smethwick.

Katika mwaka huo huo wa 1966, Septemba 30, bendera ya Botswana ilipandishwa na Seretse Khama akaapishwa.

Yaliyotokea Smethwick yaliigusa Afrika Mashariki?

Yaliigusa, na kwa ubaya. Labour ilijifunza mambo mawili yanayopingana. La kwanza ni zuri: Novemba 1965 ilipitisha sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi mahali pa umma, zikiwemo baa na mikahawa. Haikugusa ajira wala nyumba hadi 1968, lakini ulikuwa mwanzo.

La pili ni woga. Viongozi wake waliamini kwamba chama kinachoonekana laini kwa wahamiaji kitapoteza Smethwick nyingine. Agosti 1965 serikali ile ile iliyoipinga sheria ya 1962 ikaikaza. Kisha ikaja habari ya Wahindi wa Kenya. Kenya ilipojitawala Desemba 1963, wao walipewa miaka miwili kuomba uraia. Maelfu walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 sheria za Kenya za vibali vya kazi na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, wakaanza kuondoka kwa wingi kwenda London. Mapema 1968 serikali ya Wilson ikapitisha sheria kwa siku chache tu ya kuwafungia mlango watu waliokuwa na pasipoti yake yenyewe, isipokuwa wenye mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Nani alikuwa na babu aliyezaliwa Uingereza? Settla wa Nanyuki alikuwa naye. Fundi Mhindi wa Ngara, Nairobi, hakuwa naye.

Siwezi kusema sheria ile ilitoka Smethwick moja kwa moja. Woga ulioizaa ulitoka huko, hilo naliamini kabisa.

Kwa nini jimbo lilifutwa?

Mipaka tu, hakuna njama. Mwaka 1966 halmashauri ya Smethwick iliunganishwa na Oldbury na Rowley Regis kuwa Warley. Majimbo yalipokatwa upya kwa uchaguzi wa Februari 1974, sehemu kubwa ya Smethwick ikawa Warley Mashariki. Faulds alihamia nayo akaiwakilisha hadi alipostaafu 1997.

Nimesikia jimbo limerudi. Ni kweli?

Jina limerudi. Mipaka mipya ya uchaguzi wa 2024 ilirudisha jimbo linaloitwa Smethwick, ingawa si lile lile la zamani. Mbunge aliyechaguliwa ni Gurinder Singh Josan wa Labour, Singasinga.

Nikifika Smethwick leo nione nini?

Nenda Marshall Street. Ni mtaa mfupi wa kawaida, na ukutani kuna kibao cha buluu kinachosema Malcolm X alifika hapo, kiliwekwa 2012. Kisha rudi barabara kuu, kwenye Guru Nanak Gurdwara. Mbele yake, tangu Novemba 2018, amesimama askari wa shaba mwenye kilemba na bunduki, kwa kumbukumbu ya askari wa India waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao walipigana hata Tanga na Longido. Ukiingia gurdwara vua viatu, funika kichwa, na ukiwa na njaa kaa chini pamoja na wengine. Chakula hutolewa bure kwa kila anayeingia, wala hutaulizwa umetoka wapi.